MTAKATIFU JOSÉPHINE BAKHITA, BINTI ALIYEPENDWA TANGU MWANZO

Kurasa nyingine za kitabu hiki zinaeleza habari za wamisionari wa kwanza, za kujengwa kwa kanisa letu na za kazi ya mashirika yetu. Sisi wakatekista tuliombwa kuandika maisha ya mtakatifu mmoja, ili furaha ya siku hizi iwe pia mafundisho. Tumemchagua Mtakatifu Joséphine Bakhita, binti wa Sudani, aliyekuwa mtumwa, kisha mtawa, na leo ni mwombezi wetu mbinguni.

Tumemchagua kwa sababu maisha yake yanaonyesha wazi neno lililo msingi wa imani yetu, yaani kwamba Mungu humpenda mtu kabla mtu huyo hajamjua, na kwamba hakuna taabu, wala aibu, wala ubaya wa watu unaoweza kuyakatisha mapendo hayo. Neno hilo ni jepesi kutamka katika mafundisho ya ubatizo. Lakini mbele ya mjane ambaye watoto wake walichinjwa, au mbele ya binti aliyerudi kutoka msituni na kukataliwa na jamaa yake, neno hilo huwa zito kinywani. Watu hao hutuuliza Mungu alikuwa wapi siku ile. Hatutaki kuwajibu kwa haraka. Tunapenda kwanza wasikie habari za mtu aliyepita njia ileile.

I. Mtoto aliyesahau jina lake

Bakhita alizaliwa karibu na mwaka 1869 katika kijiji cha Olgossa, upande wa Darfur, inchi ya Sudani. Wazazi wake walikuwa watu wenye heshima, wenye mashamba na mifugo, na baba yake alikuwa na ndugu aliyekuwa mkubwa wa kijiji. Mtoto huyo alikuwa na kaka na dada, na mmoja wa dada zake alikuwa pacha wake. Mwenyewe alikumbuka baadaye kwamba siku zile za utoto hakujua maana ya mateso.

Huzuni ya kwanza iliingia nyumbani siku wateka watu walipomchukua dada yake mkubwa. Karibu na mwaka 1877 ilikuwa zamu yake mwenyewe. Alikuwa akitembea shambani pamoja na rafiki yake, wakatokea watu wawili wasiowajua. Walimwambia rafiki aendelee na njia yake, naye wakamtuma aende kuwaletea mzigo karibu na miti. Alitii, kama watoto wetu wanavyofundishwa kuwatii wakubwa. Alipofika mahali pale wakamkamata, wakamtisha kwa silaha, wakaondoka naye. Hakuwaona tena wazazi wake.

Hofu ilimshika hata akasahau jina alilopewa na mama yake. Wateka watu wakamwita Bakhita, jina la kiarabu lenye shina moja na neno letu bahati. Mtoto aliyenyang'anywa mama, kijiji na jina, aliitwa mwenye bahati na wale wale waliomnyang'anya. Bila shaka walilitumia jina hilo kama mtu anavyompa jina mnyama aliyemnunua sokoni. Lakini Mungu alilihifadhi, na tutaona jinsi alivyomrudishia jina hilohilo katika maji ya ubatizo.

II. Miaka ya utumwa

Alitembezwa kwa miguu mitupu mamia ya kilometa mpaka mji wa El Obeid. Njiani alifungiwa zaidi ya mwezi katika chumba kidogo chenye giza. Siku moja yeye na msichana mwenzake walipata nafasi ya kutoroka, wakakimbia usiku kucha, lakini wakaangukia mikononi mwa mtu mwingine, aliyewafungia pamoja na kondoo zake na kuwauza tena. Hivyo akapita kutoka bwana mmoja mpaka mwingine, katika masoko ya El Obeid na baadaye Khartoum.

Katika nyumba moja alivunja chombo cha thamani bila kukusudia, na mtoto wa bwana akampiga vibaya hata akalala chini zaidi ya mwezi bila kuweza kusimama. Kisha akanunuliwa na mkubwa mmoja wa jeshi, Mturuki, ili awatumikie mama na mke wake. Hapo fimbo ilikuwa chakula cha kila siku. Kidonda kimoja hakijapona, kingine kilifunguliwa.

Katika nyumba hiyo alitendewa jambo ambalo hakuweza kulisimulia bila kutetemeka. Ilikuwa desturi ya wakubwa kuwachanja watumwa wao ili kuonyesha mali yao. Mwanamke mmoja aliyeijua kazi hiyo alichora alama kwa unga mweupe juu ya mwili wa msichana huyu, kisha akazifuata alama hizo kwa wembe: chale 114, kifuani, tumboni na katika mkono wa kuume. Baada ya hapo walisugua chumvi ndani ya vidonda ili chale zisifungike, wala makovu yake yasipotee. Bakhita alidhani atakufa siku ile. Hakufa, ila makovu yake aliyachukua mpaka kaburini.

Wakati huo hakuwa amesikia habari za Yezu Kristu, wala hakuna mtu aliyemfundisha kusali. Hata hivyo alisimulia baadaye kwamba tangu utoto alipotazama jua, mwezi na nyota, alijiuliza ni nani Bwana wa vitu hivi vizuri, na alitamani sana kumwona na kumheshimu. Wapendwa, tusipite haraka mahali hapa. Msichana huyo hakuwa na katekismu, wala kanisa, wala mtu wa kumfariji. Lakini Mungu alikuwa amekwisha anza kuzungumza na moyo wake. Padri na katekista hawampeleki Mungu mahali ambapo hayupo. Wao hufika kulitaja jina la yule aliyetangulia.

III. Kutoka Khartoum mpaka Italia

Vita vya Mahdi vilipokaribia El Obeid, yule mkubwa wa jeshi aliwauza watumwa wake. Mwaka 1883, mjini Khartoum, Bakhita akanunuliwa na Callisto Legnani, msimamizi wa mambo ya serikali ya Italia. Kwa mara ya kwanza tangu kutekwa kwake hakuna aliyempiga. Alipewa nguo na kazi ya nyumbani, akakaa kwa utulivu. Lakini njia ya kurudi kwao haikuwapo tena, maana hakukumbuka hata jina lake la utoto.

Miaka miwili baadaye Legnani alilazimika kuondoka kwa sababu ya vita. Bakhita alimsihi aende naye. Walisafiri kwa ngamia mpaka bandari ya Suakin, na huko walipata habari kwamba Khartoum imeanguka mwezi wa kwanza mwaka 1885. Wakapanda meli mpaka Genova. Huko alitolewa zawadi kwa mke wa Augusto Michieli, rafiki ya Legnani aliyesafiri pamoja nao, akapelekwa Zianigo, karibu na mji wa Venezia. Mtoto wa kike wa nyumba hiyo alipozaliwa, aliyeitwa Mimmina, Bakhita akawa yaya wake, na mtoto akampenda sana.

Hapo kuna jambo la kutuumiza sisi Wakristu. Bakhita alikuwa katika inchi yenye makanisa kila kijiji na kengele kila asubuhi, naye aliendelea kutolewa na kupokewa kama mali ya nyumba, bila mtu kumwambia kwamba Mungu wa makanisa hayo ni Baba yake. Mtu wa kwanza aliyemwonea huruma ya namna hiyo hakuwa padri wala mtawa. Alikuwa mlei, Illuminato Checchini, msimamizi wa mashamba ya jamaa ile. Siku moja alimpa msalaba mdogo wa fedha. Alipompa aliubusu kwa heshima, kisha akamweleza kwamba Yezu Kristu, Mwana wa Mungu, alikufa kwa ajili yetu. Bakhita hakuelewa yote. Aliuficha msalaba ule kwa hofu ya kunyang'anywa, akawa anautazama kwa siri, na ndani yake alisikia nguvu asiyoweza kuieleza.

Sisi walei tuikumbuke zawadi hiyo ndogo. Checchini hakuhubiri kwa maneno mengi. Alimtazama mtumwa kama mtu, akampa kitu alichokipenda mwenyewe.

IV. Siku alipokataa kuondoka

Michieli alikuwa amenunua hoteli huko Suakin, na mke wake alitaka kumfuata. Mwishoni mwa mwaka 1888, kwa shauri la Checchini, Bakhita na Mimmina waliwekwa Venezia, katika nyumba ya wakatekumeni ya Masista wa Canossa, kumngoja mama. Huko Bakhita alifundishwa imani. Alimfahamu yule ambaye alikuwa amemtamani tangu utoto bila kujua jina lake. Alipofundishwa kwamba Mwana wa Mungu alikamatwa, akauzwa kwa vipande vya fedha, akavuliwa nguo na kupigwa mijeledi, hakuhitaji maelezo marefu. Alijua katika mwili wake mwenyewe maana ya mambo hayo.

Tunajua katika lugha yetu kwamba neno bwana lina maana mbili. Mtumwa humwita mwenye kumnunua bwana, na Mkristu humwita Mungu wake Bwana. Bakhita naye, kwa lugha ya watu wa Venezia, alimwita Mungu kwa neno wanalomwita mwenye nyumba na mwenye mali. Alikuwa ameonja mabwana wengi, wakali na wapole. Sasa amempata Bwana ambaye mgongo wake mwenyewe ulikuwa na makovu, na ambaye hakuwa na mtumwa wa kuuza.

Mwaka uliofuata mama wa Mimmina alirudi kumchukua. Bakhita, ambaye maisha yake yote alikuwa amefundishwa kutii, alikataa. Haikuwa rahisi, kwa maana alimpenda mtoto, na mama yule aliona kukataa kwake ni ukosefu wa shukrani. Jambo likafika mbele ya Patriarka wa Venezia na wakubwa wa serikali. Tarehe 29 mwezi wa kumi na moja mwaka 1889 ilitangazwa kwamba sheria ya Italia haikubali utumwa, na kwa hiyo Bakhita ni mtu huru, mwenye haki ya kuchagua njia yake. Akachagua kubaki. Ilikuwa mara ya kwanza tangu utoto wake kuulizwa anataka nini.

V. Jina lililorudishwa

Tarehe 9 mwezi wa kwanza mwaka 1890 alipokea Ubatizo, Kipaimara na Ekaristia kwa siku moja, mikononi mwa Kardinali Domenico Agostini, Patriarka wa Venezia. Akapewa majina Joséphine na Marguerite, na jina la tatu, Fortunata, ambalo ni Bakhita kwa lugha ya kilatini. Hivyo jina walilompa wateka watu halikutupwa. Kanisa lililiosha na kumrudishia, na sasa lilikuwa jina la kweli. Katika miaka iliyofuata alionekana mara nyingi akilibusu bakuli la ubatizo, akieleza kwamba hapo ndipo alipofanywa mtoto wa Mungu.

Lakini tufahamu vizuri mafundisho ya Kanisa. Ubatizo ulimfanya kuwa mtoto wa Mungu na kiungo cha Mwili wa Kristu. Haukuwa mwanzo wa kupendwa kwake. Yule aliyemngoja kwenye maji yale ndiye aliyemwumba tumboni mwa mama yake huko Olgossa, akamhurumia alipolala chini kwa vidonda. Mungu hakupanga wembe ule, wala hakuufurahia. Ubaya ule ulitoka katika mioyo ya watu, na watu watatoa hesabu yake. Kazi ya mapendo ya Mungu ilikuwa kumfuata mtoto wake katika njia zote ambazo watu wabaya walimpitisha, mpaka kumfikisha nyumbani.

VI. Mlinzi wa mlango wa Schio

Mwaka 1893 aliingia unovisi wa Masista wa Canossa, na tarehe 8 mwezi wa kumi na mbili mwaka 1896, siku kuu ya Bikira Maria Mkingiwa dhambi ya asili, alifunga nadhiri zake. Mwaka 1902 akatumwa katika mji wa Schio, kaskazini mwa Italia, na huko alikaa karibu maisha yake yote.

Kazi zake zilikuwa za kawaida. Alipika, alishona, alidarizi, alitunza sakristia, na kwa miaka mingi alikuwa mlinzi wa mlango. Maskini walipobisha, alikuwa wa kwanza kuwapokea. Watoto wa shule waliomwogopa mwanzoni kwa sababu ya rangi yake walimzoea upesi, wakapenda sauti yake ya upole. Watu wa mji walimwita Mama Mweusi, na katika kinywa chao lilikuwa jina la mapendo. Vita vya kwanza vya dunia vilipofika, sehemu ya nyumba iligeuzwa kuwa hospitali ya askari, naye aliwahudumia wagonjwa hao.

Mwaka 1931 habari za maisha yake zilitolewa katika kitabu kilichoandikwa na Ida Zanolini, na watu wengi wakataka kumwona. Wakubwa wake walimtuma kuzunguka Italia kusaidia kazi ya misioni. Yeye hakupenda kutazamwa, lakini alitii. Kisha akakaa miaka michache Vimercate, katika nyumba walimotayarishwa masista vijana waliotumwa misioni. Yeye mwenyewe hakurudi tena Afrika. Alituma sala zake na dada zake.

Watu walipomwuliza angefanya nini kama angekutana na wale waliomteka, alijibu kwamba angepiga magoti na kuwabusu mikono, maana bila mambo yale asingekuwa Mkristu wala mtawa. Jibu hilo linashangaza, na linaweza kueleweka vibaya. Hakusema kwamba utumwa ni mwema, wala hakumwagiza yeyote avumilie kuteswa bila kujitetea. Tumekwisha ona jinsi alivyokataa mwenyewe kurudi utumwani. Alisamehe akiwa mtu huru, mwenye kujua kwamba anapendwa. Aliyeumizwa asisukumwe na sisi kusamehe kwa haraka ili tupumzike na kilio chake. Tumsaidie kwanza ajue kwamba anapendwa, na neema ya Mungu itafanya kazi kwa wakati wake.

VII. Kufa kwake na heshima ya Kanisa

Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya ugonjwa mrefu, na alisukumwa katika kiti cha magurudumu. Karibu na kufa, akili yake ilirudi katika siku za utumwa, akamwomba muuguzi alegeze minyororo kwa sababu ni mizito. Miaka zaidi ya hamsini ya amani haikuwa imeifuta kabisa kumbukumbu ya chuma. Tunalisimulia jambo hili makusudi, ili wale ambao ndoto mbaya huwarudia usiku wasifikiri kwamba imani yao ni ndogo. Hata watakatifu hubeba makovu. Kisha uso wake ukatulia, akamwita Bikira Maria, akafa tarehe 8 mwezi wa pili mwaka 1947. Watu wengi wa Schio walikuja kumwona na kumwaga.

Papa Yoane Paulo II alimtangaza kuwa mwenye heri tarehe 17 mwezi wa tano mwaka 1992. Mwaka uliofuata Papa huyo alikwenda Khartoum, na huko, katika mji ambamo Bakhita aliuzwa, alimtukuza mbele ya watu wake. Tarehe 1 mwezi wa kumi mwaka 2000 akamwandika katika hesabu ya watakatifu. Mwaka 2007 Papa Benedikto XVI alimtoa kuwa mfano mwanzoni mwa barua yake juu ya matumaini. Na tangu mwaka 2015, kwa mapenzi ya Papa Fransisko, siku kuu yake ya tarehe 8 mwezi wa pili ni siku ya Kanisa zima kuwaombea wanaouzwa na kununuliwa hata leo.

VIII. Sisi na Bakhita

Wapendwa, habari hizi si za mbali nasi. Babu zetu walijua misafara ya Nyangwe na Kasongo, na Kingwana hiki tunachosalia kilienea kwetu katika njia zilezile za pembe na watumwa. Mwaka 1888, Bakhita alipoingia nyumba ya wakatekumeni, Kardinali Lavigerie alikuwa akizunguka miji ya Ulaya kupiga kelele juu ya biashara hiyo. Wana wake, Mapadri Weupe, walikuwa wamekwisha fika kando ya ziwa Tanganyika, na wengi kati ya Wakristu wa kwanza wa pwani hizo walikuwa watoto waliokombolewa utumwani. Kanisa letu la mashariki ya Kongo lilizaliwa na watoto kama Bakhita. Lugha iliyotumiwa kuhesabu watumwa, leo inatumiwa kumwita Mungu Baba.

Basi, yubilei hii isiwe ya nyimbo na karamu tu. Kila shirika lijiulize ni nani katika eneo lake anayefikiri kwamba Mungu amemsahau: mtoto aliyefukuzwa nyumbani kwa kuitwa mchawi, binti anayebeba mtoto wa aibu, kijana aliyetoka kwenye vikundi vya silaha, mtumishi wa nyumba ambaye jina lake hatulijui. Mtu huyo hana haja ya hotuba yetu. Ana haja ya mlango uliofunguliwa na mtu anayemwita kwa jina, kama Bakhita alivyofungua mlango wa Schio. Na ikiwa sisi wenyewe ndio tuliosahauliwa, tushike msalaba mdogo, hata kama hatuelewi yote, na tungoje. Yule aliyetuanza kwa mapendo hatatuacha njiani.

Mtakatifu Joséphine Bakhita, utuombee.